Sugu za miguuni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kuzitibu na kuzizuia nyumbani

Maswali haya yamepangwa kuanzia ya msingi hadi yale ya hali za pekee. Mwenye kisukari, mwenye miguu inayokufa ganzi au mwenye vidonda vya miguu visivyopona upesi aanze na swali la 18 kabla ya kujaribu chochote kilichoandikwa hapa.

## Kuijua sugu

1. Sugu ya mguu ni nini hasa?

Ni ngozi iliyojijenga tabaka juu ya tabaka baada ya kubanwa au kusuguliwa mahali pale pale siku nyingi. Jina lenyewe liko karibu na kusugua. Kiatu kikigonga mfupa wa kidole kila hatua, ngozi ya hapo huongeza unene ili ijikinge. Kinga hiyo ikizidi inageuka adui: unene unaongeza mbano ndani ya kiatu, mbano unaongeza unene, na mwisho mtu anachechemea.

Zipo za namna tatu. Sugu bapa ni pana, ina rangi ya manjano au kijivu, kingo zake hazionekani wazi, na hukaa kisiginoni na kwenye nyama ya unyayo nyuma ya vidole. Mara nyingi haiumi. Sugu yenye kiini ni ndogo, kama punje ya dengu au ya hindi, na katikati ina duara gumu linalong'aa. Kiini hicho kina umbo la kabari, ncha ikielekea ndani, ndiyo maana ukikanyaga unahisi kama kuna changarawe kwenye kiatu. Hupenda juu ya vidole vilivyojikunja na ubavuni mwa kidole cha mwisho. Ya tatu ni sugu laini, ile nyeupe yenye unyevu inayojificha katikati ya vidole. Ina swali lake, la 12.

2. Ni kweli sugu ina mizizi, na usipoung'oa mzizi inarudi?

Hapana. Watu huita mzizi kile kiini cha ngozi ngumu. Hakina uhai, hakina damu, hakijashikana na mfupa. Sugu ikirudi, kilichobaki ni kiatu kilichoileta. Imani ya mzizi imewaumiza wengi, maana ndiyo inayomfanya mtu achimbe kwa wembe au pini hadi akutane na damu.

3. Inaambukiza?

Haiambukizi. Hakuna kijidudu ndani yake, na huwezi kuipata kwa kuvaa ndala za mwenzako, ingawa ndala zisizokutosha zinaweza kukuletea yako. Chunjua ndiyo inayoambukiza, kwa sababu inaletwa na virusi.

4. Nitajuaje kama nilicho nacho ni sugu, chunjua au funza?

Fanya majaribio mawili. Kwanza bonyeza kwa kidole moja kwa moja kutoka juu, kisha ibane kutoka pembeni kwa vidole viwili kama unavyokamua chunusi. Sugu huuma zaidi inapobonyezwa kutoka juu. Chunjua huuma zaidi inapobanwa pembeni. Pili, osha mguu, usimame penye mwanga na utazame ile mistari midogo ya ngozi ya unyayo. Kwenye sugu bapa mistari inapita juu yake. Kwenye chunjua mistari inakatika na kuizunguka, na ndani utaona vidoti vyeusi vidogo, ambavyo ni vimishipa vya damu iliyoganda.

Funza huja kwa haraka, ndani ya siku chache, na huwasha. Utaona uvimbe mweupe wenye doti moja jeusi katikati, mara nyingi pembeni mwa kucha au kisiginoni. Sugu huchukua wiki au miezi, na haiwashi.

Kuna kitu kimoja cha kutokifanyia mzaha: doa jeusi au la kahawia kwenye unyayo linalopanuka, lenye kingo zisizolingana, au kidonda cha unyayo kisichofunga. Saratani ya ngozi iitwayo melanoma, kwa watu wenye ngozi nyeusi, hupenda kuanzia unyayoni, na wengi huidhania sugu au mwiba wa zamani. Doa la namna hiyo lionwe na daktari mapema.

5. Mbona iko mguu mmoja tu, na viatu ni pea moja?

Miguu ya mtu hailingani. Karibu kila mtu ana mmoja mrefu au mpana zaidi, na viatu hununuliwa kwa kupima mguu mmoja tu, pengine ule mdogo bila kujua. Kazi nayo ina sehemu yake. Mwendesha bodaboda anayevaa ndala hupata ugumu juu ya mguu wa kushoto, pale unaponyanyua gia.

## Inatoka wapi

6. Ni viatu gani vinavyoleta sugu?

Kinachojulikana na wote ni kiatu kilichochongoka mbele na chenye kisigino kirefu: uzito wote unateremka, vidole vinasukumana kwenye pembe tatu isiyo na nafasi. Kisichojulikana sana ni kwamba kiatu kipana kupita kiasi nacho huleta sugu. Mguu unateleza mbele na nyuma, vidole vinajikunja ili kukishika, na kile kifundo kilichojikunja kinasugua dari ya kiatu siku nzima. Ndala zilizolegea hufanya hivyo hivyo, tena mkanda wake hujenga ugumu kati ya kidole gumba na cha pili.

Buti za ulinzi, gambuti zinazovaliwa bila soksi, na viatu vya mpira wa miguu vinavyonunuliwa namba ndogo ili "vishike mguu" viko kwenye orodha hiyo. Viatu vya mtumba vina hila yake, tazama swali la 22.

7. Nimetembea peku tangu utotoni na nyayo zangu ni ngumu. Nizikwangue?

Kama haziumi wala hazijapasuka, ziache. Huo ni ugumu ulioenea sawasawa, na ndio kiatu ulichopewa na mwili wako. Mwaka 2019 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliofanywa kwa watu wa magharibi mwa Kenya, wakilinganishwa waliozoea kutembea peku na waliozoea viatu. Waliozoea peku walikuwa na nyayo nene na ngumu zaidi, lakini hisia ya ardhi haikuwa imepungua kwa sababu ya unene huo. Sugu yenye kiini ni jambo jingine: imerundikana sehemu moja, inaelekea ndani, na inaumiza.

Kama kisigino kimepasuka magaga, tatizo ni ukavu pamoja na unene. Fuata swali la 9 na la 13.

8. Nina sugu kwenye kifundo cha mguu, si kwenye kidole. Inatokana na nini?

Kama iko upande wa nje wa kifundo au juu ya mguu, na hasa mguu wa kushoto, angalia unavyoketi. Wanaoswali kwenye mkeka mgumu au sakafu yenye zulia jembamba huupata ugumu huo kwenye kikao cha tahiyatu, sawa na wengine wanavyopata alama ya sijda kwenye paji la uso. Wanaoketi chini kusuka mikeka au kukuna nazi kwa saa nyingi huupata pia. Kunja kanga au shuka mara nne uiweke chini ya mswala pale kifundo kinapokaa, upake mafuta usiku, na ugumu utalainika wenyewe taratibu. Usiweke dawa ya asidi hapo, ngozi ya kifundo ni nyembamba na mfupa uko karibu.

## Kuitibu nyumbani

9. Nianzie wapi?

Anza na kiatu. Hakuna maji, jiwe wala dawa itakayoshinda kiatu kinachoendelea kugonga pale pale. Kutafuta kiatu chenye kosa, paka doti la rangi ya midomo juu ya sugu, vaa kiatu bila soksi, tembea hatua ishirini, kisha vua. Ingiza kitambaa cheupe ufute ndani, au tazama kwa tochi: rangi itakuwa imebaki pale pale kinapokugonga. Rudia kwa kila pea unayovaa sana. Pea yenye alama iweke kando hadi sugu ipone, au ipeleke kwa fundi viatu umwonyeshe mahali hasa pa kutanua. Kiatu cha ngozi kinakubali kutanuliwa kwa kalibu usiku mmoja au miwili. Cha reksini au plastiki hakikubali, kikitanuliwa kinarudi au kinapasuka.

Baada ya hapo ndipo beseni. Mimina maji ya vuguvugu, uyapime kwa kiwiko na si kwa mguu, tia sabuni kidogo, uloweke dakika 10 hadi 15. Ngozi ngumu itapauka na kuvimba kidogo, na ukiibonyeza kwa ukucha inaacha alama. Sasa chukua jiwe la kusugulia miguu au tupa ya miguu, iloweshe nayo, usugue taratibu upande mmoja, dakika moja hadi mbili tu. Ondoa tabaka la juu, uache. Ikianza kuwasha kama moto, umepita kiasi. Futa, kausha hadi katikati ya vidole, upake krimu (swali la 13). Rudia kila siku au siku moja baada ya nyingine.

Kinachoharibika hapa ni haraka. Mtu anataka kuimaliza yote jioni moja, anasugua hadi ngozi inakuwa nyekundu, kesho yake hawezi kukanyaga, na ngozi iliyojeruhiwa inajijenga nene kuliko mwanzo. Kosa la pili ni kusugua kukavu. Kosa la tatu ni jiwe moja kwa nyumba nzima: lioshe kwa sabuni, lianike juani, na kila mtu awe na lake.

10. Kubandika plasta yenye sponji kunasaidia?

Kunasaidia sana ikiwa sponji ina tundu. Kazi yake ni kubeba uzito pembeni ili sugu ielee katikati bila kuguswa. Ukibandika sponji isiyo na tundu juu ya sugu unaongeza mbano, na ndivyo wengi wanavyofanya.

Omba kwa fundi viatu kipande cha sponji nyembamba ya ndani ya kiatu, unene wa mm 3 hadi 5. Kwa sugu ya unyayo kata duara la upana wa sm 3, likunje mara mbili, ukate nusu duara katikati ili upate tundu lililo pana kidogo tu kuliko sugu. Tundu likiwa kubwa mno, nyama itatumbukia ndani yake na kuvimba. Kwa kidole, kata umbo la kwato ya farasi, uwazi ukielekea mbele. Shikiza kwa plasta ya kitambaa, ukiiacha isizunguke kidole kizima, kwa kuwa kidole kikivimba itakaza. Badilisha kila siku na kila inapolowa. Kumbuka kwamba sponji inachukua nafasi: ndani ya kiatu kinachobana tayari itazidisha maumivu.

11. Vipi dawa ya sugu ya duka la dawa?

Nyingi zina asidi ya salisiliki, inayoyeyusha gundi inayoshikanisha ngozi iliyokufa. Zipo plasta, mara nyingi za asilimia 40, na zipo za maji, karibu asilimia 17. Zinafanya kazi, ila asidi haijui tofauti ya sugu na ngozi nzima. Wewe ndiye utakayeionyesha mipaka.

Loweka mguu dakika 5, ukaushe vizuri. Paka duara la mafuta ya mgando kuzunguka sugu, yasiguse sugu yenyewe. Kata plasta iwe saizi ya sugu kamili, ibandike, ifunike kwa plasta ya kawaida isihame. Iache saa 48. Ukiivua utakuta ngozi nyeupe iliyolainika; loweka, uisugue kidogo kama ilivyoelezwa swali la 9, ubandike nyingine. Usizidishe plasta 5 au siku 14. Ya maji hudondoshwa tone moja moja juu ya sugu, ikauke, mara moja au mbili kwa siku, na mwisho wake pia ni siku 14. Hiyo ya maji hushika moto upesi, basi isifunguliwe karibu na jiko wala mshumaa.

Usiitumie kama una kisukari au damu haifiki vizuri miguuni, kama aspirini inakudhuru, kama ngozi imechubuka au ina usaha, wala katikati ya vidole. Maelekezo ya kwenye pakiti yakitofautiana na haya, fuata ya pakiti.

12. Yangu iko katikati ya vidole, nyeupe, inanuka kidogo na inauma sana. Nifanyeje?

Hiyo ni sugu laini, na makao yake ya kawaida ni kati ya kidole cha nne na cha mwisho. Mifupa miwili inasuguana, jasho linailowesha ngozi, nayo badala ya kuwa ngumu inakuwa kama mpira uliolowa. Usiiloweke na usiitie asidi. Tayari ina maji ya kupita kiasi.

Kazi yako ni kukausha na kutenganisha. Baada ya kuoga pitisha kitambaa kikavu kila kipenyo cha kidole, upulize au upepee hadi pakauke kabisa, na kama ngozi haijachanika unaweza kupapasa kwa pamba yenye spiriti kidogo. Kisha weka kipande cha sponji au kitenganishi cha vidole cha silikoni. Pamba iliyosokotwa inafaa kwa dharura, ila inanyonya jasho, hivyo itolewe kila baada ya saa chache. Vaa kiatu kipana mbele au kandambili zenye mkanda mpana wa juu.

Kama panawasha, ngozi inabanduka vipande na hali imeenea kwenye vipenyo kadhaa, hiyo ni fangasi na inahitaji dawa ya fangasi. Zote mbili zinaweza kukaa pamoja. Ukiona kitundu kinachotoa maji au usaha, usisubiri: nenda ukatibiwe siku hiyo.

13. Nipake mafuta gani?

Krimu yenye urea ndiyo bora, kwa sababu urea inavuta maji ndani ya ngozi ngumu na kuilegeza. Asilimia 10 inatosha kwa ukavu wa kawaida. Kwa unene wa kisigino tafuta 20 hadi 25. Isipopatikana, mafuta ya mgando yanazuia maji yasitoke, na hufanya kazi vizuri yakipakwa dakika chache baada ya kutoka majini. Mafuta ya nazi na ya nyonyo yanalainisha pia. Paka usiku, uvae soksi za pamba. Katikati ya vidole usipake kitu.

14. Itachukua muda gani kupona?

Maumivu hupungua ndani ya siku chache tangu mbano uondoke, wakati mwingine siku ile ile. Unene wenyewe huhitaji wiki kadhaa, kwa kuwa ngozi ya nje hujibadilisha kwa muda wa mwezi mmoja hadi miwili. Kama wiki tatu zimepita na hakuna nafuu yoyote, rudi swali la 4 uhakikishe kama kweli ni sugu.

## Makosa yanayoleta madhara

15. Nikiikata kwa wembe mwenyewe kuna shida gani, maana napata nafuu papo hapo?

Nafuu ni ya kweli, na ndiyo inayomshawishi mtu arudie. Lakini huoni ulipofika. Ngozi ngumu haina hisia, kwa hiyo unakata bila kuumia hadi ghafla umevuka kwenye nyama hai, na mguu uko karibu na vumbi na maji machafu kuliko kiungo kingine chochote. Pepopunda na jipu la unyayo huingilia hapo. Kovu linaloachwa na wembe nalo ni gumu, na likikaa mahali pa kukanyagia litauma kama sugu, ila lenyewe halitoki. Daktari au muuguzi aliyefunzwa huikata kwa kisu kisafi, akiwa mbele yako na mwanga wa kutosha, na anajua rangi ya ngozi inavyobadilika anapokaribia damu.

16. Vijana wanaopita mitaani wakiosha miguu na kupaka rangi kucha wananikwangua vizuri. Niendelee?

Kuoshwa na kusuguliwa si tatizo. Tatizo ni chombo. Wembe au tupa iliyotoka kwa mteja mmoja kwenda kwa mwingine inaweza kubeba homa ya ini aina ya B, virusi vya ukimwi na fangasi, na kuichovya kwenye maji yenye sabuni hakuisafishi. Nunua beseni, jiwe na tupa yako, mpe yeye avitumie, na mwambie mapema kwamba wembe hutaki.

17. Papai, limau, kitunguu saumu, maganda ya korosho: ipi inafanya kazi?

Utomvu wa papai bichi una kimeng'enya kinachoyeyusha protini, kwa hiyo hulainisha kitu kweli, ila nguvu yake haipimiki na huunguza ngozi ya pembeni. Limau na siki ni asidi dhaifu. Pamoja na kuloweka husaidia kidogo, na nafuu nyingi inatoka kwenye maji yenyewe. Kitunguu saumu kilichopondwa kikifungwa usiku kucha huleta malengelenge. Shubiri haina madhara, wala haiondoi sugu.

Mafuta ya ganda la korosho yanahitaji onyo la pekee, hasa kwa ndugu zetu wa Mtwara na Lindi ambako yanapatikana kirahisi. Wabanguaji wanajua yanavyokula mikono. Yanaunguza vibaya, na jeraha lake huchukua muda kufunga. Maji ya betri ni hivyo hivyo na zaidi: ni asidi kali ya kutoboa chuma. Yasiguse mguu wa mtu.

Kama tayari umeunguza ngozi kwa dawa yoyote, iwe ya dukani au ya kienyeji, iondoe, osha kwa maji mengi ya bomba kwa dakika 20, paka mafuta ya mgando, funika kwa bandeji safi, na usisugue wala kutia dawa nyingine hadi ngozi ifunge. Malengelenge usiyatoboe. Kwa maji ya betri, osha vivyo hivyo kisha nenda hospitali moja kwa moja.

## Hali zinazohitaji uangalifu zaidi

18. Nina kisukari. Nifanye nini kati ya haya?

Angalia viatu, paka krimu, kisha upeleke sugu kliniki. Kusugua kwa nguvu, kukata, dawa za asidi na maji ya moto si vya kwako. Kisukari cha muda mrefu huua mishipa ya fahamu ya miguu na kupunguza damu. Sugu inaendelea kukubonyeza kama changarawe lakini husikii, na chini yake nyama inaoza taratibu ikiwa imefunikwa. Mara nyingi dalili ya kwanza ni doa jekundu lililoiva au jeusi ndani ya sugu, yaani damu imevia. Ukiliona, kidonda tayari kinaanza. Nenda siku hiyo hiyo.

Kila jioni tazama miguu yote, hadi katikati ya vidole. Unyayo uuone kwa kioo kilichowekwa sakafuni, au mtu wa nyumbani akutazamie. Ingiza mkono ndani ya kiatu kabla ya kukivaa, ukitafuta jiwe, msumari au soli iliyokunjamana. Akina mama wanaopaka hina kwenye nyayo wajue kwamba rangi yake inaficha wekundu na damu iliyovia. Ipakwe juu ya mguu na mikononi, unyayo uachwe wazi.

Haya yanamhusu pia aliyepoteza hisia za miguu kwa ukoma au kwa sababu nyingine yoyote. Huyo afuate utaratibu wa kutunza miguu aliofundishwa kliniki.

19. Mtoto wangu ana kitu kigumu unyayoni. Ni sugu?

Kwa mtoto, shuku chunjua, mwiba au funza kwanza. Kama kweli ni sugu, viatu vya shule vimekuwa vidogo. Mguu wa mtoto hukua upesi, na wengi hawasemi kwa kuogopa kuonekana wanadai viatu vipya. Pima kila baada ya miezi mitatu. Dawa ya asidi usimtie bila kuuliza.

20. Mzee wetu hawezi kuinama kufikia miguu. Tumsaidieje?

Mkalishe kwenye kiti, mguu wake juu ya paja lako lenye taulo, umloweke dakika 10 na umpake krimu. Ngozi ya mzee ni nyembamba kando ya sugu ijapokuwa sugu yenyewe ni nene, basi tumia upande laini wa tupa. Kama miguu ni baridi, inang'aa na haina vinyweleo, damu huenda haifiki vizuri. Hapo msisugue, apimwe kwanza.

## Kuzuia isirudi

21. Nipimeje kiatu kabla ya kununua?

Nenda jioni, miguu ikiwa imevimba kwa kazi ya kutwa. Kabla ya kutoka nyumbani simama peku juu ya karatasi, mtu mwingine akuchoree mguu mmoja mmoja akiisimamisha kalamu wima. Kata ule mchoro mkubwa, uende nao. Dukani uweke juu ya soli ya kiatu: ukitokeza pembeni mahali popote, kiatu hicho kitakubana hata muuzaji akikuapia kwamba kitatanuka. Ukivaa, simama, mbele ya kidole kirefu pabaki sm 1 hivi, na vidole vyote viweze kunyanyuka. Kisigino cha kiatu kisizidi sm 4 kwa kiatu cha kila siku.

22. Na mtumba je?

Mtumba wa ngozi halisi mara nyingi ni mzuri kuliko kiatu kipya cha reksini, ila umekwisha kuchukua umbo la mguu wa mtu mwingine. Toa soli ya ndani uitazame kwenye mwanga: utaona mashimo ya vidole vya mwenye nacho wa kwanza. Yasipolingana na vyako, badilisha soli hiyo. Kiweke kiatu mezani ukitazame kwa nyuma; kama kimelalia upande mmoja, kiache. Pitisha vidole ndani, kwenye mishono na pale mbele juu ya vidole, ukitafuta nundu.

23. Kazi inanilazimu kuvaa buti au viatu vya ofisini. Nina njia gani?

Nenda kazini na viatu vipana, ubadilishe ukifika. Kwa buti, vaa soksi nene isiyo na mshono juu ya vidole, au igeuze ndani nje. Badilisha soksi mchana zikilowa. Funga kamba vizuri kifundoni ili mguu usiteleze mbele. Pale panapopata joto kabla ya kuuma, bandika plasta ya kitambaa asubuhi. Joto hilo ndilo onyo la mapema.

## Zinazokataa kuondoka

24. Nimebadili viatu, nimefanya yote, bado inarudi pale pale. Kwa nini?

Huenda mfupa ndio unaosukuma kutoka ndani. Kidole kilichojikunja kama nyundo, nundu kando ya kidole gumba, au kichomozi kidogo cha mfupa kati ya vidole vitaendelea kuleta sugu hata kwenye kiatu kizuri. Daktari wa mifupa ataomba picha ya eksirei. Kabla ya kufikiria operesheni, uliza karakana ya viungo bandia iliyo karibu na hospitali kubwa. Wanatengeneza soli za ndani kwa kipimo cha mguu wako, zinazohamisha uzito. Kwa ngozi yenyewe, hospitali kama KCMC ya Moshi, yenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi tangu 1992, huona matatizo ya namna hii.

Operesheni ya kunyoosha kidole ipo na husaidia. Kuikata sugu peke yake na kuuacha mfupa ulivyo hakusaidii.

25. Sugu imepona lakini kidole kimebaki cheusi. Kitarudi rangi yake?

Kitarudi polepole, miezi kadhaa au zaidi. Ngozi nyeusi ikisuguliwa muda mrefu huongeza rangi mahali hapo, na weusi hubaki baada ya unene kuondoka. Endelea na krimu, na viatu viendelee kuwa vipana, maana kila msuguano mpya unaongeza rangi. Usipake mkorogo: unaidhoofisha ngozi, na kidole kilichotoka kuumwa na sugu kitachubuka kwa kiatu cha kwanza utakachovaa.